Weka Kidole Hapo: Miaka Kumi na Tisa ya Mwalimu Mukasine

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mwalimu Mukasine anastaafu baada ya kufundisha miaka kumi na tisa katika kituo chetu cha maandalizi ya mitihani, hapa Gisimenti, ghorofani juu ya mafundi cherehani. Siku kumi na moja baadaye, Jumanne tarehe 9 Desemba, atafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Nimeyataja yote mawili mwanzoni kwa sababu hapa kituoni hakuna anayeweza kulifikiria moja bila kulifikiria la pili. Tunasherehekea, ndiyo. Soda zimeagizwa na sambusa zinakaangwa. Lakini tunaogopa, na Mwalimu ndiye aliyetufundisha kwamba woga ukifichwa hukujibia maswali.

Mimi niandikaye ni Yasmina wa mapokezi, ambaye wengi mnanijua kwa chai ya saa nne. Shule niliiachia kidato cha tatu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mnisamehe. Mkurugenzi wetu, Eddie, alitaka kazi hii apewe Bayingana, mwalimu wa hesabu. Mwalimu Mukasine akakataa. Alisema, "Bayingana ataniandika kwa namba. Mpeni Yasmina, yeye anajua nilivyo nikiwa sioni." Baadaye mtaelewa alichokuwa anasema.

Alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wakimbizi kutoka hapa Rwanda. Alifundisha shule ya msingi huko mpaka aliporudi nchini mwaka 1995, akaendelea kufundisha hapa Gasabo. Kiswahili chake ni cha kulekule, kimenyooka. Sisi tunaosema "iko" kwa kila kitu alitusikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri maji yachemke.

Mwaka 2006 aliomba kazi ya ofisini kule Kimihurura. Waombaji walipewa mtihani wa kupima namna mtu anavyofikiri. Ni mtihani ule wenye kifungu kifupi cha maneno na majibu matano chini yake, na swali linalosema: kutokana na haya, ni lipi lazima liwe kweli? Kifungu kimoja kilisema kijiji fulani kilichimba kisima, na mwaka uliofuata watoto walioandikishwa shule wakaongezeka. Mwalimu akachagua jibu linalosema kisima ndicho kilichowapeleka watoto shule. Hakusita hata kidogo. Yeye mwenyewe alichota maji utotoni, alijua kabisa ndoo inavyomchelewesha mtoto. Akaanguka mtihani. Jibu lililotakiwa lilisema tu kwamba kabla ya mwaka ule walioandikishwa walikuwa wachache zaidi. Mengine yote aliyaongeza yeye kutoka Karagwe.

Jambo hili hajawahi kulificha. Kila darasa jipya aliliambia siku ya kwanza, kisha akamalizia, "Sikuanguka kwa kutojua. Nilianguka kwa kujua mengi." Mwezi Novemba mwaka uleule alianza kazi hapa, akiwa na wanafunzi wanne na ubao mmoja wenye ufa.

Njia yake ya kufundisha mnaijua, maana sauti yake ilifika mpaka kwa mafundi cherehani chini. Mwanafunzi akitaja jibu, Mwalimu hakusema amepata wala amekosa. Alisema, "Weka kidole." Mwanafunzi alitakiwa kuweka kidole juu ya mstari wa kifungu uliompa lile jibu. Kidole kikikosa pa kutua, jibu linafutwa, hata liwe zuri namna gani. Tumewaona watu wazima wenye tai na viatu vinavyong'aa wakizungusha kidole juu ya karatasi kama nzi aliyekosa pa kutua.

Alikuwa na daftari la kijani lililojaa vifungu alivyovitunga mwenyewe kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Mtihani wenyewe huja kwa Kiingereza, lakini yeye alisema akili kwanza, Kiingereza kitafuata. Kifungu maarufu kuliko vyote kilikuwa hiki: Nyirarukundo hufunga duka lake kila Jumapili. Leo duka la Nyirarukundo limefungwa. Ni lipi lazima liwe kweli?

Darasa zima hujibu: leo ni Jumapili. Mwalimu anasema, "Wekeni kidole." Hapo ndipo vurugu huanza. Mmoja anasema basi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wako umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mwingine anasema hapana, amefiwa. Kuna kijana mmoja aliapa kwamba duka halijafungwa kabisa, kwamba Nyirarukundo anauzia dirisha la nyuma, na akamtaja na jirani aliyenunua sukari. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Jibu ni dogo, halina utamu: duka lile haliko wazi siku zote za mwaka. Basi. Hilo tu ndilo kidole kinalolifikia.

Alikuwa akitueleza kwa nini watu wa hapa hupata shida kwenye maswali haya kuliko ya hesabu. Tumelelewa kusikia lisilosemwa. Mgeni akiingia kwako akasema alikuwa anapita tu, wewe unajua ana ombi, na ukisubiri mpaka alitamke umemwaibisha. Mama mkwe akisifia chungu chako, unajua chakula kilipungua chumvi. Mwalimu alisema, "Hiyo ni adabu, msiiache. Mkiwa nyumbani sikieni lisilosemwa. Mkiwa kwenye mtihani, liacheni mlangoni pamoja na mwavuli." Wanafunzi wake wako leo benki, hospitalini, vyuoni, wengine ng'ambo. Wakipita Gisimenti hupanda ngazi kumsalimia, na badala ya mkono wananyoosha kidole.

Sasa nije kwenye mwaka huu, ambao sisi wa kituoni tumeuishi roho juu.

Mwezi wa pili nilipeleka chai darasani nikamkuta amesimama na mwanafunzi, amemshika mkono, anamwonyesha mstari. Kidole chake kilikuwa mahali peupe, chini kabisa ya karatasi, ambapo hapajaandikwa kitu. Na alikuwa anasoma vizuri tu, neno kwa neno. Mwanafunzi alidhani ni mzaha akacheka. Mwalimu akacheka naye. Mimi nilimwona alivyoupapasa ukingo wa meza kabla ya kukaa.

Sikusema. Tangu siku ile nikaanza kumwangalia. Vifungu alikuwa anavisoma kwa kichwa, vyote. Ubaoni mistari ilipanda kilima. Kwenye ngazi alihesabu kwa midomo. Wiki chache baadaye aliniita saa ya chai akasema miwani yake iko kwa fundi, kama ninaweza kumsomea kifungu kipya kimoja. Miwani alikuwa ameivaa. Nikasoma. Kesho yake tena. Ikawa desturi yetu. Vya Kiingereza nilivisoma kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya watu, nikigonga kila kitu, naye ananinyoosha taratibu. Binti yangu Ihirwe, ambaye hajatimiza miaka miwili, alilala kwenye kanga pembeni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mimi, bila kuandikishwa.

Nilimwogopea Mwalimu, na nilijiogopea mwenyewe kwa kukaa kimya. Je, Eddie akijua atamwondoa? Je, nikinyamaza na siku moja akaanguka ngazini? Usumani, mume wangu, ambaye ni mmoja wa wale mafundi cherehani wa chini, aliniambia, "Wewe unaogopa mpaka kivuli cha sindano." Ni kweli. Lakini safari hii kulikuwa na kitu.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, Bayingana alikuwa anatafuta kalamu ya ubao kwenye meza ya walimu. Akalisogeza daftari la kijani na karatasi ndogo ya hospitali ikaanguka. Ilikuwa kwa Kinyarwanda, bila tarehe, na kwa Kiswahili ilisema hivi: Mukasine. Arudi Jumatano, saa mbili asubuhi. Asile kitu. Aje na mtu wa kumuuguza.

Bayingana alikaa. Eddie aliposoma, yeye aliyekulia Kampala, akasema tu, "Banange," yaani jamani. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

Bayingana akanong'ona, "Mtu haambiwi asile kitu kwa jambo dogo."

"Na mtu wa kumuuguza," Eddie akasema. "Maana yake atalazwa. Maana yake hatarudi hapa. Yasmina, wewe unakaa naye kila siku. Iko nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne mama yangu alipoletewa karatasi kama ile. Ilisema vilevile, arudi na mtu wa kumuuguza. Mtu huyo nilikuwa mimi, na nilirudi nyumbani peke yangu. Kwa hiyo nilipoiona karatasi ya Mwalimu sikuisoma. Niliikumbuka.

Siku zilizofuata tulimbeba Mwalimu kama yai. Hapa kwetu mtu haulizwi jambo kama hilo usoni. Bayingana alimwachia kiti chake chenye mto. Eddie alimpunguzia vipindi akidai ni ratiba mpya, na chini kwa chini akaanza kumtafuta mwalimu mwingine. Mimi nilimletea maziwa badala ya chai. Tuliongea naye kwa sauti ya msibani. Yeye hakuona nyuso zetu, lakini masikio yake hayajawahi kuugua.

Ijumaa kwenye kikao cha wafanyakazi akaomba dakika tano. Akasimama, akaenda ubaoni, na kwa herufi kubwa zilizopanda kilima akaandika maneno yote ya ile karatasi. Arudi Jumatano. Asile kitu. Aje na mtu wa kumuuguza. Akageuka.

"Mmeisoma," akasema. "Bayingana aliirudisha ukurasa wa mbele, mimi huiweka nyuma. Sasa nipeni majibu. Ni lipi lazima liwe kweli?"

Akamwelekea Bayingana.

"Bayingana, mwanangu, wewe hukosi jibu."

Bayingana akasema chini sana, "Kwamba ugonjwa ni mkubwa."

"Njoo uweke kidole."

Bayingana, mwenye digrii mbili, akaenda ubaoni. Kidole kikapita kwenye Jumatano, kikapita kwenye asile kitu, kikarudi, kikabaki hewani. Akarudi kukaa. Eddie akasema kwamba Mwalimu atalazwa. Weka kidole. Hakuna. Eddie akasema tena, sasa machozi yakimlengalenga, kwamba hataweza kufundisha. Weka kidole. Hakuna.

Mwalimu akasema, "Woga ni mwanafunzi hodari. Ananyoosha mkono kabla swali halijaisha. Lakini hajawahi kufaulu darasani kwangu." Ndipo akatuambia. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miaka miwili alikuwa akifundisha kwa kumbukumbu. Upasuaji upo, tena ni wa kawaida. Tukacheka kama watu waliotolewa kwenye maji ya shingo.

Lakini mimi nilikuwa naitazama karatasi yenyewe, ambayo alikuwa ameiacha juu ya meza mbele yangu. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imechanika. Nikamuuliza, "Mwalimu, ni Jumatano ipi hiyo?"

"Imepita."

"Lini?"

"Wiki tatu."

"Na hukwenda."

Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba angekwenda na nani. Dada zake wamebaki Karagwe na ni wazee kuliko yeye. Hakujaliwa mtoto. Hapa kwetu anayekaa na mgonjwa hospitalini ni mtu wa damu yake, ndiye anayemwosha, ndiye anayemletea uji. Yeye hana. Aliposomewa karatasi ile hospitalini, alielewa kwamba matibabu yale si yake. Akaikunja, akaendelea kufundisha. Akasema, na hili lilinikata, kwamba giza la upofu alilijua litakavyokuwa na alikuwa ameanza kulizoea.

Niliogopa kusimama kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Nikasimama. Nikaenda ubaoni nikasema, "Mwalimu, weka kidole penye damu."

Akageuza uso kunitafuta.

"Imeandikwa mtu," nikasema. "Aje na mtu. Damu umeiongeza wewe. Mimi ni mtu."

Mwalimu Mukasine alikuja mpaka ubaoni, akapapasa mstari wa mwisho, akakiweka kidole kwenye lile neno na kukiacha hapo muda mrefu. Kisha akasema, "Umefaulu." Hiyo ndiyo siku pekee katika miaka kumi na tisa aliyokosa swali mbele yetu, na lilikuwa ni kosa lilelile la kisima.

Jumatano iliyofuata tulikwenda hospitali ya Kibagabaga, mimi na yeye. Usumani alibaki na Ihirwe katikati ya vitambaa. Mwalimu alikuwa mtulivu, mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji akanishika kichwa akasema, "Humura," yaani nisiogope, kisha wakamwingiza ndani na mlango ukafungwa.

Mlangoni paliandikwa: Subiri hapa. Nilisubiri. Mara muuguzi akatoka mbio, akapita mbele yangu bila kunitazama. Ndani ya sekunde moja nilikuwa nimemzika Mwalimu, nimewapigia simu dada zake, nimemwambia Eddie. Nikakaa sakafuni. Muuguzi akarudi na chaja ya simu. Nikasimama, nikaenda kuweka kidole kwenye yale maandishi ya mlangoni, subiri hapa, na sikukitoa. Watu walinitazama, nikawaacha wanitazame. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa yameandikwa.

Kesho yake walimfungua bandeji ya jicho la kushoto. Alinitazama kwa muda, akanisogelea, akaninyanyua kidevu. "Kumbe wewe ni mtoto hivi," akasema. "Kwa unavyoogopa nilidhani una miaka arobaini."

Tangu hapo anasoma kwa jicho moja, herufi zikiwa kubwa. La kulia ndilo lenye kazi. Daktari anasema limekaa muda mrefu, na nyuma yake kuna kitu ambacho hawezi kukiona vizuri mpaka mtoto wa jicho atolewe. Karatasi mpya ninayo mimi, kwenye mkoba wangu. Imeandikwa: Tarehe 9 Desemba, saa mbili asubuhi. Asile kitu. Aje na mtu wa kumuuguza. Hakuna mstari unaosema litapona. Nimetafuta. Hakuna pia mstari unaosema halitapona, na hapo ndipo ninapolala kila siku, katikati ya mistari hiyo miwili ambayo haikuandikwa.

Madarasa yake ya juu yatachukuliwa na mwalimu mpya kuanzia Januari. Darasa la Jumamosi la wanaoanza, lile la vifungu vya Kiswahili, Eddie amesema nilisomeshe mimi, kwa majaribio. Daftari la kijani nimekabidhiwa. Nimemwambia Mwalimu sitaweza. Akaniambia, kama mlivyokwisha kujua, niweke kidole.

Kwa niaba ya Eddie, Bayingana, wafanyakazi wote na wanafunzi wa miaka kumi na tisa, tunakushukuru, Mwalimu. Ulitufundisha kusoma kilichopo kabla ya kulia kwa kisichokuwepo. Tunakutakia asubuhi zenye mwanga, ngazi chache, uji wa moto, na maisha mema ambayo hutahitaji kuyahesabu kwa midomo. Tarehe 9 nitakuwa mlangoni. Nitasubiri palipoandikwa.

Nimemwomba Eddie kijarida hiki kichapwe kwa herufi kubwa. Akauliza kubwa kiasi gani. Nikamwambia, kiasi cha kumtosha mtu mwenye jicho moja asiyependa kusomewa. Kwenye sherehe utakabidhiwa nakala yako, na hakuna atakayekusaidia. Mimi nitakuwa nimekaa mbele yako. Ukifika hapa peke yako, Mwalimu, usiseme kitu. Weka kidole kwenye mstari huu, nami nitakuwa nautazama mkono wako.